Stelingi ni Nani? Kuirudia Filamu ya Mijusi ya Utotoni

Haya ni maneno niliyozungumza Jumamosi iliyopita kwenye usiku wa filamu wa vijana, hapa Mbagala. Waliokosa nafasi wameomba maandishi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu vichekesho viwili vitatu.

 

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Chagua filamu moja iliyokujenga, uje utuambie kwa nini, halafu tuiangalie." Najua alichotegemea. Alitegemea nije na filamu ya Mandela, au ya Lumumba. Nikamwambia nataka Jurassic Park. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Ile ya mijusi?" Nikamwambia ndiyo, Mwenyekiti, ile ile ya mijusi. Akasema haya, ila usitutie aibu.

Sasa naomba mnivumilie kama dakika 20, halafu mtaona wenyewe kama nimetia aibu au la.

Mimi ni mtoto wa Lindi. Miaka ya tisini mwishoni, mtaani kwetu palikuwa na kibanda umiza kimoja. Wadogo zangu wa siku hizi, mliozaliwa na simu mkononi, naomba niwaeleze. Kibanda umiza ni chumba kimoja, kuta za makuti na magunia ili mwanga usiingie, mafomu ya mbao ya kukalia, televisheni moja ya inchi 21 na deki. Nje kuna ubao umeandikwa kwa chaki filamu za leo. Kiingilio shilingi 50. Ukikosa hamsini unachungulia kwenye tundu la gunia, na ukikamatwa unamwagiwa maji.

Siku hiyo ubao uliandikwa: SAA 10 – VITA. SAA 12 – MIJUSI MIKUBWA INAKULA WATU. Nani angebaki nyumbani? Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu alikuwa na homa, kalala, hawezi kutoka. Tulikuwa na hamsini moja kati yetu wawili. Tukakubaliana mimi niende, nikirudi nimsimulie filamu yote, bila kuruka kitu.

Sasa, kibandani kulikuwa na sheria moja ambayo kila mtu wa rika langu humu ndani anaijua. Filamu ikianza tu, swali la kwanza ni: stelingi nani? Ukishamjua stelingi, umetulia. Maana stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa, atachomwa, lakini hafi. Mkianza kumlilia, kuna mkubwa mmoja nyuma atasema, "Acheni ujinga, huyo stelingi."

Basi filamu ikaanza. Usiku, msitu, mvua imenyesha, taa kali. Wafanyakazi wamevaa kofia za kazi, wamesimama wanangoja. Linaletwa sanduku kubwa la chuma, ndani kuna kitu kinakoroma. Bosi anatoa amri, na mfanyakazi mmoja, mtu mweusi, anapanda juu ya sanduku kuinua mlango. Kibanda kizima kikasema kwa sauti moja: "Stelingi huyo!"

Tulikuwa na sababu. Ndiye wa kwanza kupewa kazi ya hatari. Ndiye aliyefanana na sisi. Na baada ya dakika mbili yule mnyama akasukuma sanduku, jamaa akaanguka, akavutwa miguu ndani. Watu wanamshika mikono, anaponyoka. Ikaisha. Pakaja picha nyingine, mchana, mtu mwenye suti anavuka mto.

Kibandani hakuna aliyeogopa. Mkubwa wa nyuma akasema, "Atarudi. Stelingi hafi."

Nikakaa kumngoja.

Tukaona kaka mmoja anatutafsiria kila kitu. Alikuwa kidato cha pili na Kiingereza chake alikijua yeye mwenyewe. Yule mwanahisabati wa koti jeusi, Ian Malcolm, alivyokuwa akiongea kwa dakika nzima kuhusu mambo yasiyotabirika, kaka akatutafsiria hivi: "Anasema hapa pana wachawi." Kwa kweli nikifikiria sasa, hakukosea sana.

Tukaona yule mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo, Hammond, tajiri wa kisiwa. Tukaona wageni wanapanda gari, gari linasimama, yule mtaalamu wa mifupa anavua kofia, anasimama mdomo wazi. Halafu tukamwona yule mnyama mrefu, shingo inapanda mpaka juu ya miti, anatafuna majani kama hana habari na mtu. Kibanda kikanyamaza. Nakumbuka ule ukimya kuliko makelele yote yaliyofuata. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kikubwa kinachotembea polepole hivyo.

Ikafika usiku wa mvua. Magari yamesimama kwenye uzio. Umeme wa kisiwa umezimwa na yule fundi mnene wa kompyuta. Mtoto anaangalia bilauri ya maji, maji yanatetemeka, duara juu ya duara. Dum. Dum. Na hapo hapo, makamanda, umeme wa Lindi nao ukakatika.

Ndiyo, mnacheka. Sisi tulipiga mayowe! Tulidhani ni sehemu ya filamu. Kuna mtu alitoka na ukuta wa makuti. Mwenye kibanda hakuwa na jenereta. Tukakaa gizani nusu saa, umeme haukurudi, na hamsini haikurudi.

Nikaenda nyumbani. Mdogo wangu alikuwa macho ananingoja. Akasema, "Kaka, nisimulie." Sasa ningemwambia nini? Kwamba hamsini yetu iliishia kwenye bilauri ya maji? Nikamsimulia mwanzo mpaka hapo, halafu mwisho nikautunga. Nikamwambia yule jamaa wa sanduku hakufa. Alijifanya amekufa. Alikaa ndani na wale wanyama siku tatu, akajifunza lugha yao, wakamzoea. Mambo yalipoharibika akatoka, akapiga mluzi, mijusi yote ikamfuata kama mbuzi, akaifungia. Wazungu wakamshukuru, yule tajiri akampa kisiwa nusu.

Mdogo wangu alilala akicheka. Na mimi baada ya kuisimulia mara kumi, nikaanza kuiamini.

Filamu nzima niliiona nikiwa mtu mzima, na mwaka huu nimeirudia tena na binti yangu, ana miaka tisa kama mimi wakati ule. Niwaambie kwanza jambo moja: bado ni filamu nzuri. Nilitegemea nitacheka, nilitegemea mijusi itaonekana kama midoli. Haipo hivyo. Steven Spielberg aliitoa mwaka 1993, ina dakika 127, na katika hizo mijusi yenyewe inaonekana kama dakika 15 tu. Zilizobaki zote unangoja. Unaona majani yanatikisika, unasikia sauti, unaona bilauri. Yale maji, kumbe, yalitikiswa kwa waya wa gitaa uliofungwa chini ya bilauri ndani ya gari. Waya wa gitaa, makamanda! Na yule mnyama mkubwa wa usiku wa mvua lilikuwa sanamu la mitambo lenye ukubwa kamili; likilowa mvua lilikuwa likitetemeka lenyewe, mafundi wanalikausha kwa mataulo. Mngurumo wake wameuchanganya kwenye sauti ya mtoto wa tembo, chui milia na mamba. Kazi ya mikono na masikio ndiyo iliyotutoa mbio, kompyuta zilisaidia sehemu.

Mambo mengine kwenye filamu hayako sawa, tuseme ukweli. Wale wanyama wadogo wakali wa jikoni, Velociraptor wa kweli alikuwa na kimo cha bata mzinga, tena mwenye manyoya. Yule anayetema sumu, hakuna ushahidi kwamba alitema chochote. Na kufufua mnyama kwa damu ya mbu aliyenaswa kwenye utomvu wa mti, wanasayansi wanasema vinasaba havidumu miaka mamilioni hiyo. Haidhuru. Ni hadithi.

Ila kuna jambo hadithi imelipata sawasawa, nalo ni lile linalotuhusu sisi tunaopenda kuzungumza siasa. Mzee Hammond anarudia rudia kwamba hakubana matumizi popote. Chakula kizuri, magari mazuri, sauti ya mtu maarufu kwenye gari. Lakini kompyuta zinazofunga milango yote ya kisiwa amezikabidhi kwa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja analalamika hajalipwa vizuri. Siku mtu huyo anaamua kuiba, anazima kila kitu kwa kidole. Mageti na uzio vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kumkagua huyo mmoja. Mnaelewa ninachosema. Mzee mwenyewe ni mkarimu, anacheka vizuri, anapenda wajukuu. Hiyo ndiyo shida. Ukiwa na bosi anayetabasamu, hakuna anayeuliza ufunguo wa akiba uko wapi.

Na kwenye kitabu ambacho filamu ilitokana nacho, kilichoandikwa na Michael Crichton mwaka 1990, kuna kisa ambacho filamu imekiacha, nacho mimi nakipenda kuliko vyote. Kompyuta ya kisiwa ilikuwa inahesabu wanyama kila baada ya muda mfupi. Kila siku inasema: wote 238 wapo. Wakubwa wameridhika. Yule mwanahisabati anauliza, hebu iambieni itafute zaidi. Wanaiambia itafute 300, inapata 292. Kumbe waliiagiza itafute 238, ikifika hapo inaacha kuhesabu! Wanyama walikuwa wanazaliana na idadi haibadiliki kwenye karatasi.

Najua mnachocheka. Mimi nazungumzia mijusi.

Sasa turudi kwenye swali langu la miaka tisa. Stelingi nani?

Safari hii niliangalia nikiwa na hilo kichwani. Daktari Grant, yule wa mifupa? Anaokoa watoto, sawa. Daktari Ellie Sattler? Ndiye anayekwenda kuwasha umeme wakati wanaume wamelala wameumia au wamekufa. Na dada zangu, mnajua wanyama wote wa kisiwa kile walitengenezwa majike? Kwa hiyo yule mkubwa anayeingia mwisho na kuwashukia wale wadogo wakali, akawaokoa watu bila kukusudia, naye ni mama. Mnaweza kumpa ustelingi, sitabisha.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa namngoja mtu mwingine. Nimeangalia dakika zote 127. Hakurudi.

Jina lake linatamkwa. Sikulisikia utotoni kwa sababu ya makelele. Kabla hajapanda juu ya sanduku bosi anamwita: Jophery. Mara moja tu. Baada ya hapo haitwi jina tena mpaka filamu inaisha. Dakika chache baadaye yule wakili wa suti analalamika kwamba familia ya mfanyakazi imeshitaki, inadai dola milioni 20, na wenye hisa wana wasiwasi. Basi. Jophery amekuwa tarakimu. Na ukiangalia vizuri, filamu nzima inaanzia hapo: wataalamu wanaletwa kisiwani kwa sababu yake, ili wakague, waseme pako salama, bima itulie. Bila kifo chake hakuna safari, hakuna hadithi. Lakini hakuna hata mmoja kwenye zile meza za chakula kizuri anayeuliza: jamani, yule aliyekufa alikuwa nani, ameacha nani?

Binti yangu ndiye aliyeuliza. Filamu ilipoisha, helikopta inaondoka, muziki, watoto wamelala begani. Akaniambia, "Baba, mbona yule mjomba wa mwanzo hawajamchukua?"

Nikashindwa kumjibu, nikampigia simu mdogo wangu.

Mdogo wangu ni kibarua wa machimbo ya mawe. Mwaka juzi jiwe lilimwangukia mguu. Mahali pa kazi sitapataja, na sijaja hapa kushitaki mtu. Nitasema tu alichonieleza yeye. Alikaa hospitali wiki tatu. Aliyekuja kumwona kutoka kazini alikuwa mtu mmoja, kabeba fomu, anataka saini. Hakumuuliza hali. Kwenye fomu ile jina lake lilikosewa herufi mbili, akaambiwa asaini hivyo hivyo, itarekebishwa. Haijarekebishwa. Sasa anatembea, anachechemea kidogo, amerudi kazini kwa sababu watoto wanakula.

Nikamwambia kwenye simu, "Unakumbuka ile filamu ya mijusi?" Akacheka. Akasema, "Kaka, ile ya jamaa aliyejifunza lugha yao?" Zaidi ya miaka 25, bado anaikumbuka! Akaniambia pale hospitali alikuwa akiwasimulia wenzake wa wodini. Nikaona aibu. Nikamwambia ukweli: jamaa hakurudi. Nilitunga. Umeme ulikatika.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Nilijua. Lakini ya kwako ilikuwa nzuri zaidi."

Naomba maji kidogo.

Haya. Sasa ndipo nafika kwa yule mnyama mrefu aliyetunyamazisha kibandani. Anaitwa Brachiosaurus. Kisiwa kile kinaitwa cha Jurassic, lakini wanyama wengi mnaowaona mle ni wa zama za baadaye sana. Yeye ni mmoja wa wachache ambao kweli ni wa Jurassic, kama miaka milioni 150 iliyopita. Mifupa ya kwanza iliyopewa jina hilo ilipatikana Marekani, jina likatolewa mwaka 1903, lakini ilikuwa vipande. Shingo kamili hakuna, kichwa hakuna. Picha ya Brachiosaurus ambayo dunia nzima imeizoea, ile shingo na lile paji lililonyanyuka, wachoraji kwa miaka mingi waliitoa kwenye mifupa mingine.

Nani anajua ilitoka wapi?

Naona mkono wa mama pale. Lindi, ndiyo mama. Tendaguru.

Makamanda, mimi nimelala miaka yangu yote ya utoto mwendo wa siku tatu nne za mguu kutoka kwenye kile kilima, nikatoa hamsini kumwona yule mnyama kwenye televisheni ya inchi 21, kwa Kiingereza, na kaka wa kidato cha pili ananitafsiria, na hakuna mtu mle kibandani, hata mmoja, aliyejua kwamba huyu ni wa kwetu. Babu yangu alikuwa akisema baba yake aliwabebea Wajerumani "mawe" mpaka bandarini. Tulidhani ni mawe ya kujengea. Hatukumuuliza. Sasa hayupo wa kumuuliza.

Niwape kwa kifupi. Tendaguru kwa Kimwera ni kilima cha mwinuko mkali. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani aliyekuwa akitafuta madini, Bernhard Sattler, alitoa taarifa ya mifupa mikubwa pale. Ndiyo, Sattler, kama yule daktari wa kwenye filamu; jina limefanana. Mwaka 1907 akaja profesa mmoja kutoka Stuttgart. Halafu kuanzia 1909 mpaka 1913 makumbusho ya Berlin ikaleta msafara mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Angalieni hiyo miaka. Vita ya Maji Maji ilikuwa 1905 mpaka 1907. Kusini nzima ilikuwa imetoka kuchomewa mashamba na kufa njaa. Watu walioshika majembe pale Tendaguru ni watu waliobaki.

Msimu wa kazi nyingi vibarua walifika kama 500. Juu yao, msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Huyu alijua kuusoma mfupa ardhini, kuuchimba bila kuuvunja, kuusafisha. Yaliyotoka pale, mifupa pamoja na mawe yake, ni zaidi ya tani 200. Reli hakuna, barabara hakuna, na mbung'o wangeua punda na ng'ombe. Kwa hiyo ilibebwa na watu. Kichwani na begani, mizigo maelfu, mpaka bandari ya Lindi, halafu meli.

Mwaka 1914 Janensch akampa yule mnyama jina la pili: brancai. Kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho kule Berlin. Mwaka 1937 akasimamishwa ukumbini. Yupo mpaka leo, siku hizi wataalamu wanamwita Giraffatitan, urefu wa kwenda juu mita 13 na ushee, mifupa ya dinosaria mrefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani.

Kuna mjadala wa kumrudisha, mnaujua, mpaka bungeni umefika. Mwaka 2018 serikali yetu ilimwambia waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani kwamba haitadai arudishwe, inataka ushirikiano kwenye uchimbaji na makumbusho. Kuna vijana humu wanasema huo ni usaliti, kuna wanaosema tukimleta tutamweka wapi. Mimi nitawaambia msimamo wangu na mnaweza kunizomea. Kumrudisha au kutomrudisha ni swali halali, lakini mimi sianzii hapo. Naanzia kwenye swali la binti yangu: mbona yule mjomba hawajamchukua? Tunamdai mjusi. Waliombeba mjusi tunawadai kwa nani? Majina yao yako wapi? Tukimleta kesho tukamweka Lindi, tukaweka kibao chenye jina la waziri aliyekata utepe, tutakuwa tumefanya nini zaidi ya Hammond?

Sasa nina habari njema, ndiyo sababu hasa nimekuja.

Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alikuwa akichambua upya pingili za shingo zilizotoka Tendaguru, akaona ni za mnyama ambaye hajapewa jina. Akamwita Australodocus bohetii. Bohetii. Boheti bin Amrani. Na mwaka 2019 wengine wakaangalia mkia mmoja wa pale pale, wakampa mnyama wake jina Wamweracaudia, kwa ajili ya Wamwera. Ilichukua karibu miaka 100 kwa mmoja na zaidi ya 100 kwa wengine. Lakini majina hayo sasa yameandikwa kwenye vitabu vya dunia nzima, na anayetaka kumtaja mnyama yule, awe Berlin au Chicago, lazima amtaje na Boheti.

Nilipolisoma hilo nilimpigia tena mdogo wangu usiku. Nikamwambia, "Wewe, yule jamaa amerudi." Akauliza jamaa gani. Nikamweleza yote, Boheti, mifupa, babu na mawe yake. Akasikiliza. Halafu akasema, "Huyo mmoja. Wale wengine mia tano je?"

Sina jibu la wale wengine, makamanda. Ila nina kazi mbili nataka niwaachie.

Ya kwanza. Nusu ya ukumbi huu ni watu wa kusini, nawafahamu kwa majina na kwa lafudhi. Mwisho wa mwaka mnapanda basi pale Rangi Tatu kwenda nyumbani. Mkifika, kabla hamjaanza kupiga picha za korosho, mkalisheni mzee mmoja, mwekeeni simu arekodi, mwulizeni nani kwenye ukoo alibeba mizigo ya Wajerumani. Hata kama anajua jina moja tu. Mimi nilichelewa. Msichelewe.

Ya pili ni ndogo, na inaanza Jumatatu. Mkiwa viongozi wa tawi, na siku moja mkiwa viongozi wa kitu kikubwa zaidi ya tawi, kibarua akiumia kwenye eneo lenu, nendeni wenyewe. Msitume fomu. Mkifika, mwulizeni jina lake, na mhakikishe mmeliandika bila kukosea herufi.

Basi. Sasa tuangalie filamu. Naombeni wale wa nyuma, jamaa wa kwanza akipanda juu ya sanduku, msianze kusema stelingi hafi.

Zimeni taa. Na msiwe na wasiwasi, nimehakikisha jenereta lina petroli.